Tulivyohamisha Nyumba ya Bujonde

Tulianza kuezua bati asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne ukingo wa mto ulikuwa umeshaanguka zaidi ya mara moja. Ukiwa juu ya paa unausikia vizuri kuliko ukiwa chini. Kwanza kimya, halafu mshindo mzito, kama mtu ameangusha gunia la mpunga kutoka kwenye lori, halafu maji yanasikika yakigombana. Mafundi wangu wakawa wanatazamana. Mmoja akaniuliza kama mto wa kwetu unakula ardhi hata kiangazi. Nikamwambia ashike nyundo yake, mto haumtafuti yeye. Lakini na mimi nilikuwa nimesikia.

Nyumba ile ilikuwa ya baba. Aliijenga Bujonde, katikati ya kakao na migomba, enzi ambazo kati ya jiko na mto uliweza kuanika mpunga, watoto wakacheza, na bado ikabaki nafasi ya kufungia ng'ombe. Mwaka ule tunaezua, ukitoka mlango wa nyuma ulikuta makaburi mawili, migomba kidogo, basi, ardhi imekwisha. Kaburi la baba lilikuwa la saruji, lipo karibu na ukuta. La pili lilikuwa la mdogo wetu wa mwisho, aliyekufa kwa homa kabla hajajua kutembea. La kwake lilikuwa tuta dogo tu lenye mawe pembeni, na ndilo lililokuwa upande wa mto.

Nieleze kazi yangu ili mtu asidhani nilikwenda pale kuharibu. Kyela mjini wananiita Mbomoaji. Wengine wanadhani wananitania, mimi naitika. Nabomoa magodauni, maduka, madarasa, nyumba za watu. Ila sibomoi kama hao wanaopiga ukuta kwa nyundo kubwa mpaka tofali linageuka unga. Mimi naifumua nyumba. Bati linashuka, misumari inang'olewa na kunyooshwa juu ya jiwe, kenchi za paa zinateremshwa zikiwa nzima, na kila kipande kinaandikwa namba kwa rangi nyekundu ili kikifika kiwanja kipya kijue kinakaa wapi. Sakafu ikivunjwa, kifusi chake kinajaza msingi wa nyumba nyingine. Kazi hii nilijifunza kwenye mradi mmoja wa madarasa, ambapo mhandisi alitufundisha kuchora jengo huku tukifikiria siku litakapofumuliwa. Niliipenda siku ile ile. Sijapenda kitu kingine hivyo, nisidanganye, hata mwanaume.

Nyumba ya baba sasa! Hiyo ilikuwa raha ya mfumuaji. Baba hakujengea kwa saruji, alijengea kwa udongo na kuziba nje tu kwa saruji, kwa hiyo tofali lilikuwa linatoka zima kama yai. Ukilipitishia panga butu udongo unadondoka, tofali linabaki jekundu, safi. Bati lake lilikuwa lile la zamani, nene, ambalo siku hizi hulipati dukani hata ukilia. Mbao zake tulizipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa, na zile ambazo mchwa alikuwa ameshazionja hazikufika hata nne.

Mama alikuwa amekataa kuhama miaka yote. Kila masika maji yalimkuta kitandani, na yeye anapandisha kitanda juu ya matofali, anaendelea na maisha. Kwetu mtu anazikwa nyumbani, nyuma ya nyumba, na walio hai wanabaki naye. Mjane akiacha kaburi la mume wake watu wanasema, na Bujonde watu wanasema sana. Nilishamwomba, nikamlilia, nikamgombeza. Wapi! Halafu siku moja, bila mtu kumuuliza, akasema, "Mwanangu, nyumba ya baba yako ikienda, nami nitaenda. Lakini iende yote. Nisikute ubao wa mtu mwingine ndani."

Jamani, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Kuhamisha nyumba nzima si ndiyo kazi yangu?

Likabaki suala la makaburi. Hilo halikuwa langu wala la mama, lilikuwa la ukoo, na msemaji wa ukoo ni baba mdogo. Yeye ni mzee wa kanisa, mtu mpole, nyumba yake iko Bujonde hiyo hiyo lakini mbali na mto. Nilimfuata, nikapiga magoti kama inavyotakiwa, nikamwambia tunaomba kuwahamisha baba na mtoto pamoja na nyumba.

"Mifupa si mabati, mwanangu," akasema. "Lazima tukae kikao. Ndugu zetu walioko Ngana waje, mchungaji awepo."

"Sawa, baba. Tunakaa lini?"

"Baada ya mavuno."

Mtu asiye wa Kyela hawezi kuelewa. Kwetu kila kitu kinasubiri mpunga. Harusi inasubiri mpunga, kesi ya mpaka wa shamba inasubiri mpunga, mpaka mtu akitaka kugombana na mkwewe anasubiri kwanza avune. Nikamkumbusha kwamba mpunga unavunwa masika yakishapita, na masika ndiyo yanayoleta mto. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye nisiyejua majira. "Ndivyo ilivyo," akasema. Basi nyumba ikatangulia, makaburi yakabaki yakisubiri mavuno.

Siku zote za kufumua mama alikaa kwenye kigoda chini ya kivuli cha kakao, anatazama. Kila kipande kilichoshuka aliuliza kinakwenda wapi. Ubao huu? Ukumbini, mama, pale pale ulipokuwa. Dirisha hili? La chumba chako, mama. Hili lilikuwa dirisha la nyuma, lililotazama makaburi, na kila asubuhi ya maisha yangu nililiona likifunguliwa kabla ya moto kuwashwa. Akalishika mbao zake kwa kiganja, akauliza, "Na huko litatazama nini?" Nikasema litatazama ukuta wa duka. Nilikuwa na haraka, nikaita mwingine apokee fremu.

Tulipovunja sakafu ndipo tukaona ufa. Ulianzia nyuma ya jiko, ukapita kati ya kaburi la baba na la mtoto, ukaingia kwenye migomba. Mkono uliingia bila kukwaruza. Fundi wangu mkuu, mwanaume ambaye nimefanya naye kazi miaka mingi na simjui kwa woga, alichuchumaa pale akatia kijiti, kijiti kikazama chote. Akainuka, akajifuta magoti, akasema tupakie mizigo haraka. Siku ile hatukula chakula pale.

Kiwanja kipya kilikuwa Ipinda, nyuma ya duka la mzee mmoja wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Mzee yule alitupa stoo yake tuhifadhie mbao na bati, kwa moyo mmoja. Kila nikifika ilikuwa "Shikamoo, mzee," "Marahaba, binti yangu, chai tayari." Mama, kwa muda, alikaa kwa baba mdogo. Nyumba ikaanza kupanda. Namba nyekundu zikatafutana zenyewe: tisa ikakaa karibu na kumi, kenchi ya kwanza ikalala pale ilipolala tangu nilipokuwa mtoto. Watu wakawa wanasimama barabarani kutazama. Nilijisikia vizuri, niseme ukweli, nilitembea kifua mbele.

Halafu vitu vikaanza kupotea. Kwanza bati, si zote, zile fupi. Halafu mlango wa nyuma. Halafu rundo la matofali likawa linapungua na ukuta haupandi. Mimi bwana nikiibiwa nageuka mnyama. Niliwafokea mafundi, nikawafukuza wanunuzi wa vyuma chakavu wasikanyage mtaa ule, nikamwambia fundi mkuu maneno ambayo mpaka leo akinikumbusha tunacheka. Mwishowe mzee wa duka akanivuta pembeni.

"Binti yangu, usitafute mwizi," akasema. "Ni mama yako. Anakuja na bajaji ya mizigo, ananiomba ufunguo. Mali ni yake, ningemwambia nini?"

"Anapeleka wapi?"

"Sikumuuliza. Nilidhani umemtuma wewe."

Nilipanda pikipiki hapo hapo. Mvua zilikuwa zimeshaanza, zile za mwanzo zinazokuja na upepo kutoka ziwani, na njia ya Bujonde ilikuwa utelezi mtupu. Nilipofika nikaacha pikipiki kwenye kakao, nikaenda kwa miguu. Kwenye uwanja tuliouacha mtupu kulikuwa na nyumba.

Chumba kimoja tu. Kuta za matofali yetu, zimejengewa udongo, bati zetu fupi juu, mlango wetu wa nyuma mbele. Namba nyekundu zilikuwa bado zinasomeka, zimechanganyika hovyo, na hilo, Mungu anisamehe, ndilo lililonikera kwanza. Halafu nikaona kimekaa wapi. Kilikuwa ng'ambo ya ufa, upande wa mto. Tuta la mtoto lilikuwa ndani yake, na pembeni ya tuta kumetandikwa mkeka. Mama alikuwa anafagia.

"Ugonile, mwanangu," akanisalimia, kama vile nimekuja kunywa chai.

"Mama, hiki ni nini?"

"Nyumba. Si wewe unayesema ikifumuliwa hapa inasimama kule? Nimesimamisha."

"Aliyejenga nani?"

"Wapo wanaojua kujenga. Hukuzaliwa fundi peke yako."

Nikamwonyesha ufa. Nikamwambia mvua mbili tatu za nguvu na kipande hiki chote kinakwenda ziwani na yeye ndani. Nilisema kwa sauti kubwa. Alisubiri nimalize. Akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akaweka mkono juu ya tuta.

"Baba yako ni mtu mzima," akasema. "Siku maji yakimchukua atajua la kufanya. Huyu hata kutembea hajui. Atakwenda vipi na maji peke yake?"

Niliwahi kumjibu mama kila kitu maishani, nimemzidi kwa mdomo tangu nina meno ya utotoni, lakini siku ile nilisimama mlangoni mvua inanipiga mgongoni nikashindwa.

Nikaenda kwa baba mdogo. Kumbe alijua, alidhani mama anafunika kaburi kwa bati, kama wengi wanavyofanya kwetu. Nilipomweleza kuhusu mkeka akashtuka. Nikamwambia tufanye hivi: la baba libaki, lisubiri kikao chake, lakini mtoto tumtoe kesho, tumpeleke Ipinda, mama atamfuata. Akasema kikao. Nikamwuliza kikao na nani, na mto? Mke wake akaniziba mdomo kwa jicho. Alifikiri sana yule mzee, sitamwonea, jasho lilimtoka kwenye paji. Mwisho akasema atawaita wazee wa karibu Jumapili baada ya ibada, hao watatosha. Nikasema ndaga fijo, asante sana, nikambusu mkono. Wakati huo ilikuwa Alhamisi, na mbingu upande wa milima ya Livingstone ilikuwa nyeusi tii.

Mvua haikukatika. Ijumaa haikukatika. Jumamosi mchana baba mdogo akanipigia simu, sauti imebadilika, akasema mama hajarudi tangu jana na amefunga mlango wa kile chumba kwa ndani. Nikamchukua fundi mkuu, tukaenda.

Mto sikuutambua. Ulikuwa umepanda mpaka kwenye mizizi ya migomba ya mwisho, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita na magogo, maganda ya kakao, kuku aliyekufa. Haukuwa na kelele. Uliteleza tu, na kila mara kipande cha ukingo kilijiachia taratibu kikazama. Ufa ulikuwa sasa mtu anauruka. Upande wa pili chumba kimesimama, na bati zinalia kwa mvua.

Nilimwita. Akaitika. Nikamwambia kesho wazee wanakuja, tutamtoa mtoto, atoke sasa. Akasema vizuri, atasubiri humo humo.

Nikaona nifanye ninachojua. Nikauruka ufa, nikaparamia ukuta nikaanza kuezua. Niliwaza, mtu hawezi kukaa ndani ya nyumba isiyo na paa, mvua itamtoa. Fundi mkuu alibaki ng'ambo ya ufa, anapokea bati nilizomrushia, ananiomba nishuke. Nikang'oa bati la mwisho nikachungulia. Mama alikuwa ameketi vile vile, miguu imenyooshwa, maji yanamchuruzika usoni, khanga imemgandia. Amelifunika tuta kwa ile khanga nyingine. Hakuinua hata kichwa kunitazama.

Basi nikaacha ufundi. Nikaruka ndani, nikavunja komeo la mlango kwa teke, nikambeba mama yangu. Jamani, mama alikuwa mwepesi! Yule mwanamke aliyekuwa ananibeba mgongoni na ndoo ya maji kichwani, alikuwa mwepesi kama kapu. Alinipiga. Alinipiga shingoni, kichwani, akaning'ata bega, akaniita kwa Kinyakyusa majina ambayo sitayaandika. Nikaruka ufa naye. Fundi mkuu akanishika mkono akanivuta. Hatukusimama mpaka tumeingia kwenye kakao.

Ndipo tukasikia. Haikuwa kama gunia la mpunga. Ilikuwa kubwa, ndefu, ardhi ikatikisika chini ya nyayo zangu na matone ya mvua yakadondoka kwa pamoja kutoka kwenye majani. Mama akaacha kunipiga. Mwili wake wote ukatulia mikononi mwangu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umesikia? Amekwenda peke yake."

Tulipogeuka hakukuwa na chumba wala tuta. Kaburi la baba lilikuwa limebaki, limeinama kidogo, limekuwa ukingo.

Sijutii. Nimeulizwa na ndugu, nimejiuliza mwenyewe, na jibu ni lile lile: hata kesho ningembeba. Ninaumia, nalia nikiwa peke yangu kwenye pikipiki, lakini sijutii, na anayetaka nijute aje anionyeshe mama yake aliyemwacha kwenye maji.

Kikao kilikaa baada ya mavuno, kama kilivyopangwa. Ndugu wa Ngana walikuja, mchungaji alikuwepo, ng'ombe alichinjwa. Baba mdogo alisimama akasema ukoo umekubali makaburi yahamishwe, akasikia mwenyewe alichosema, akakaa chini bila kumaliza. Tulimhamisha baba. Sasa amelala Ipinda, nyuma ya nyumba, na mama ana kitu cha kutazama akifungua dirisha. Halifungui.

Vingine vyote viko mahali pake. Matofali yaliyozama nilifidia kwa kufupisha baraza, sikuingiza tofali la mtu mwingine, na mlango wa nyuma niliutengeneza kwa mbao za dari ya baba. Watu wanakuja kuitazama nyumba ile. Wengine ni wanaotaka kufumua za kwao kabla mto haujafika, maana sasa Bujonde hakuna asiyelala na hofu. Wengine wanatoka mjini, wamesikia. Wanagonga kuta, wanapapasa kenchi, wananisifu. Mama anawakaribisha vizuri. Anaishi kwa amani na kila mtu. Nikimpelekea sukari anasema ndaga fijo, nikimwuliza hali anasema nzuri. Mvua ikinyesha anatoka anasimama uani hadi ikatike, na nimeacha kumwambia aingie ndani.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa Ngana, mto umeshalifikia shamba lake. Alizunguka nyumba yote, akarudi barazani amejaa furaha. "Nyumba nzuri hii, mama," akasema. "Nani kakujengea?"

Mama alikunja khanga yake magotini, akaitazama barabara.

"Fundi mmoja tu," akasema.

Nilikuwa nimesimama pale pale mbele yake na kikombe chake cha chai mkononi. Nikakiweka mezani.